Mlango wa Buluu Kifuani

Kila asubuhi nilipofungua darasa la pili, kitu cha kwanza nilichotazama ni ukuta wa nyuma, na kila asubuhi kile kiraka kilikuwa kimeachia zaidi. Jumatatu kona moja. Jumatano kona mbili. Siku nyingine nilikuta upande mzima umejikunja, na chini yake rangi ya buluu inachungulia. Nilichukua gundi, nikapaka, nikakandamiza kwa kiganja huku nikihesabu mpaka mia, ndipo nikawaruhusu watoto waingie.

Tuelewane mapema: mimi si mtu wa kuona mizimu. Ninafundisha sayansi. Ninajua gundi ya unga wa ngano hukauka, hujikunja na kuachia, hasa ukuta ukipigwa na jua la mchana. Lakini ukuta ule ulikuwa na karatasi arobaini na moja, kila karatasi ina viraka vinne, na vyote nilivibandika kwa gundi ya sufuria moja, siku moja. Kilichokuwa kinaachia ni kimoja tu. Mtu aniambie jua linachaguaje.

Kiraka chenyewe kilikuwa na umbo la moyo. Kilikuwa kwenye kifua cha mtoto tuliyemzika.

Nieleze ilivyokuwa. Ukimwambia mtoto wa miaka saba kwamba ndani yake kuna mapafu, atakuitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti ya kuchoka, na kabla kengele haijalia atakuwa ameshasahau. Mpe brashi na rangi, umwambie ayapake mapafu yake mwenyewe, atakwenda nayo mpaka nyumbani na kumsumbua bibi yake usiku kucha. Hivyo ndivyo nilivyofundisha. Mvua niliifundisha kwa rangi ya maji inayochuruzika kwenye karatasi iliyoinamishwa. Mwendo wa jua tuliufuata uwanjani kwa chaki, tukichora kivuli cha mlingoti kila kipindi. Walimu wenzangu walinicheka, wakaniita Mwalimu Rangi, watoto nao wakalidaka jina. Mwalimu mkuu alisema darasa langu linafanana na gereji ya kupaka magari. Baadaye mkaguzi akaja, akasifia, akapiga picha. Mwalimu mkuu akageuka kama chapati, akaanza kuwaeleza wageni "mbinu yetu." Nami, nisijifanye mnyenyekevu, kichwa kilinivimba.

Somo nililolipenda kuliko yote ni la mwili. Mtoto analala chali juu ya karatasi ya kaki, mwenzake anamzungushia kalamu ya nta kuanzia kisogoni mpaka nyayo. Akiinuka anaacha mtu mzima pale chini, wa kimo chake hasa. Baada ya hapo zilifuata hatua tatu: sikia, paka, sahihisha. Wanakimbia kuzunguka uwanja mara tatu, kisha kila mmoja anasikiliza kifua cha mwenzake kwa karatasi iliyokunjwa kama bomba. Halafu wanapaka walichosikia, vyovyote watakavyo. Mwisho napita mimi na kalamu nyekundu na viungo nilivyovikata kwa kiolezo, moyo, mapafu mawili na tumbo, nabandika cha kweli juu ya cha kubuni. Walichobuni kilikuwa burudani tupu. Mmoja alipaka injini yenye moshi. Mwingine tumboni alipaka kabati, kila chakula kina rafu yake.

Karatasi zenyewe zilitoka kwa mama mmoja, fundi cherehani, anayezitumia kukatia vipande vya nguo kabla ya kugusa kitambaa. Siku aliposikia tunazihitaji alikuja na bunda zima kwapani, akakataa hata kuketi. "Mwanangu hanipi usingizi, Mwalimu," akasema. "Chukua, angalau atanyamaza."

Bintiye tulimwita Sisimizi, jina alilokuja nalo kutoka kwao. Alikuwa mdogo kuliko wote darasani, na hukumkuta mikono mitupu hata siku moja. Alibeba chaki, vifuniko vya chupa, mabegi ya wenzake. Siku ya somo la mwili alikimbia mzunguko mmoja tu, akaketi kwenye ngazi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anawahesabia wengine mizunguko yao. Nikacheka, nikamwita mvivu mwenye akili.

Mwenzake wa dawati alikuwa binti mwenye domo ambaye darasa zima lilimwita Kengele. Ndiye aliyemsikiliza kifua. Nilipofika kwenye karatasi yao na kalamu yangu nyekundu, nilikuta Sisimizi amepaka mlango kifuani. Mlango wa buluu, uko wazi kiasi, umefungiwa kitambaa chekundu kwenye msumari. Mistari mingine ilitoka mlangoni, mingine ikapinda na kurudi ndani.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Moyo wangu, Mwalimu."

"Tangu lini moyo ukawa na mlango?"

"Wangu unao. Ila haufungi vizuri. Kinachotoka kinarudi."

Darasa likaangua kicheko, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Kengele akasimama bila kuruhusiwa. "Kweli, Mwalimu! Nimesikia kwenye bomba. Unafanya du, halafu shhh. Du, shhh. Wa kwangu haufanyi hivyo, ameusikiliza."

"Kaa chini. Moyo hauna mlango."

"Lakini Mwalimu, nimesi—"

"Nimesema kaa chini!"

Hakukaa. Alikuwa na kichwa kigumu, nami nina hasira za karibu. Nikamtoa mbele, nikamsimamisha uso ukutani mpaka kipindi kiishe, kwa kosa la kushikilia uongo wa mwenzake. Kisha nikachora mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, juu ya ule mlango, pembe hadi pembe, nikaandika chini yake *Si kweli*. Juu ya yote nikabandika moyo wangu mzuri wa kiolezo. Sisimizi alinishikia sufuria ya gundi. Hakununa wala nini. Aliuliza tu, "Sasa huu utafunga?"

Nikamjibu, "Huu ni wa kweli."

Wiki ya tatu baada ya somo lile akaanza kukosa shule. Siku moja yupo, mbili hayupo. Akawa akifika anashika ukuta kwanza, anavuta pumzi, ndipo anaingia. Kisha hakuja kabisa, tukaambiwa yuko hospitali, na haikuisha miezi miwili mwalimu mkuu akasimama mbele ya wanafunzi wote asubuhi na kofia mkononi.

Msibani niliketi na wanawake wengine kwenye mkeka. Mama yake alikuwa katikati, sauti imemkauka, akimweleza kila aliyeingia maneno yale yale, nadhani kwa sababu hakujua la kufanya na mdomo wake. "Daktari amesema mlango mmoja wa moyo ulikuwa haufungi," akasema. "Eti moyo una milango minne. Damu ikitoka inarudi. Amesema kama angeletwa mapema." Hakumalizia. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Chai ilimwagika mkekani, jirani yangu akanipokea kikombe, akaniambia nijikaze, walimu nao ni wazazi.

Kiraka kilianza kuachia siku iliyofuata mazishi.

Mwanzoni nilikuwa naona hilo tu. Baadaye zikaja sauti. Upepo ukiingia darasani karatasi zote arobaini na moja huvimba kidogo na kurudi ukutani, na hilo halikuwahi kunishtua. Lakini kiraka kilichoachia nusu hupiga karatasi kwa namna yake. Nikiwa naandika ubaoni, watoto wamenyamaza wakinakili, nilikisikia kutoka nyuma ya vichwa vyao. Du. Kisha kikajiburuza taratibu. Shhh. Nikigeuka, darasa zima linanitazama, wala hakuna aliyetikisika. Watoto wa mbele walianza kusema Sisimizi anahema. Hawakusema kwa woga. Walisema kama wanavyosema fulani amekwenda kunywa maji.

Aliyenitia woga ni Kengele. Binti yule alikuwa akiongea hata akiwa amejaza chakula mdomoni, na sasa nilipomuuliza swali alinitazama midomo imefungwa, akisubiri niulize mwingine. Niliwaambia wenzangu ofisini ni uchungu wa rafiki yake, utapita. Nilijua si hivyo. Alikuwa amesema kweli mara moja darasani kwangu, na alikumbuka nilimfanya nini.

Mwalimu mkuu alitaka karatasi ishushwe. Nikamwambia watoto wataumia. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine aiguse na kuona kilichopo chini. Nikanunua gundi ya mafundi seremala, ile nyeupe nzito, nikakipaka kiraka chote ukingo hadi ukingo. Kikatulia. Wiki moja nzima sikusikia kitu, nikala vizuri, nikaanza hata kuwatania watoto.

Ijumaa mama yake akaja.

Alisimama mlangoni mwa darasa watoto wakiwa wametoka. Alikuwa amekonda, na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni, nadhani alisahau kuuvua. Nikamkaribisha kiti, safari hii akakaa, kwenye dawati dogo la watoto, magoti yamemfika kifuani.

"Nina ombi, Mwalimu. Nikikusumbua uniambie."

"Hunisumbui, mama. Sema."

"Ile karatasi aliyolalia. Bado ipo?"

Nikageuka kuitazama kana kwamba sijui ilipo. "Ipo."

"Nilimwahidi gauni. La kuingilia darasa la tatu, lenye mifuko minne, maana huyu na vitu vyake." Akatabasamu kidogo, tabasamu likazimika. "Kitambaa nilishanunua. Juzi nimekitandika mezani nikate, nikakuta sina kipimo. Miaka kumi na tano nashona, nina madaftari ya vipimo vya watu mpaka waliohama. Wa kwangu sikuwahi kumpima. Mtoto wa fundi anashonewa kwa jicho. Nimekaa na mkasi mkononi, Mwalimu, jicho halioni kitu."

Nikamwambia asubiri, nitaipeleka mwenyewe Jumatatu baada ya masomo. Akanishukuru kwa mikono yote miwili. Kama angenipiga kofi nisingeumia vile.

Mwalimu mkuu nilimkuta anafunga ofisi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza yote, tangu mlango mpaka kalamu nyekundu. Alinisikiliza amesimama, funguo mkononi, akakuna kidevu.

"Ulimwambia mtu mwingine?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Tutaletewa kesi hapa, na mkaguzi anarudi mwezi ujao." Akashusha sauti. "Chukua karatasi nyingine. Chora upya kwa kuifuatisha ile, bandika moyo safi, mpe. Mama wa watu ana uchungu, atajuaje?"

Ningependa kusema nilimjia juu. Nilimwambia asante.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa darasani peke yangu. Nilishusha karatasi ya Sisimizi, nikaitandika sakafuni, nikaweka vitabu pembe nne. Kando yake nikatandika mpya. Nilikuwa na rula, penseli na chaki, nikaanza kunakili kama fundi: kichwa, shingo, bega la kushoto. Kazi ilikwenda vizuri. Nilikuta hata mahali Kengele alipokwaruza kalamu kwenye kidole gumba, maana Sisimizi alicheka akajisogeza, na kidole kikatoka na vichwa viwili. Nikakinakili nacho. Nilikuwa naghushi mpaka kicheko cha mtoto.

Nilipofika kifuani nikasikia. Du. Shhh.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Karatasi ilikuwa chini, imebanwa na vitabu. Nikazuia pumzi. Du, ikasema tena, na ule mburuzo nyuma yake. Nikaweka kiganja juu ya kiraka, na kiraka kilikuwa kimetulia tuli, kigumu kwa gundi ya mbao. Labda ulikuwa moyo wangu nilikuwa nausikia masikioni, nimeinama muda mrefu, damu imepanda kichwani. Hayo ndiyo maelezo ya sayansi na sina ugomvi nayo. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, peke yangu, mbele ya watoto arobaini wa karatasi.

Halafu nikataka kukitoa. Niliingiza ukucha kwenye kona, nikavuta. Hakikutoka. Nikajaribu kwa rula. Karatasi ya chini ikaanza kuchanika, nikaacha haraka. Wiki zote zile kiraka kilikuwa kinajifungua chenyewe nami nakigandamiza. Sasa nilitaka kifunguke, na kazi yangu ilikuwa imara.

Karatasi mpya niliichanachana. Jumatatu nilipeleka ile ya kweli.

Kiwanda cha mama yake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, pasi, nguo za watu zinaning'inia zikisubiri mikono. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno, na nilipoingia yote yaliniyeyuka. Alinipokea karatasi kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Akaitandika mezani, akainyoosha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu. Nilisimama karibu na mlango.

Alipima kwanza. Bega hadi bega. Bega hadi kiuno. Urefu wa mkono. Kila namba aliitamka kwa sauti ndogo na kuiandika kwenye ukurasa mpya wa daftari, juu hakuandika jina. Alipoona kidole chenye vichwa viwili akasimama kidogo, akacheka puani. "Alijisogeza," akasema. "Hakuweza kutulia huyu."

Kisha akapitisha vidole kifuani, na vidole vikasimama. Akarudi nyuma, akapitisha tena, kama wanavyofanya wakitafuta mshono uliofichwa.

"Hapa kuna bitana," akasema.

Nikatazama pembeni.

"Viraka vingine umeshikiza kingo tu. Hiki umekigandamiza chote." Akaniinulia macho. "Kwa nini, Mwalimu?"

Mtu akisema alipiga moyo konde, mimi sikuupiga. Maneno yalinitoka tu. Nilimweleza yote, somo, bomba la karatasi, mlango, nilivyocheka, nilivyomsimamisha Kengele ukutani, mkasi wa kalamu nyekundu, gundi ya kila asubuhi. Nilimweleza hata karatasi ya Jumamosi. Alinisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Nilipomaliza nilisubiri matusi, na moyoni niliyaomba.

Aliwasha pasi. Akalowesha kitambaa cheupe, akakikamua, akakilaza juu ya kile kiraka, akaweka pasi juu yake. Mvuke ukapanda. Akainua, akaweka tena. Mara ya nne akaingiza ncha ya kisu cha kufumulia nyuzi, akazunguka taratibu, na moyo wangu wa kiolezo ukatoka mzima, umelegea kama ganda la kitu kilichochemshwa. Akauweka pembeni.

Mlango ulikuwa pale. Rangi ya buluu ilikuwa imefifia, nyingine imeondoka na kiraka, lakini mlango ulikuwa pale, na kitambaa chekundu, na msumari. Juu yake mkasi wangu, pembe hadi pembe, na mwandiko wangu mzuri wa mwalimu wa darasa la pili.

Mama akauangalia. Kisha akageuza kichwa, nami nikafuata macho yake. Mlango wa uani wa chumba kile ulikuwa wa buluu. Komeo lake lilikuwa limevunjika. Kwenye msumari, kulikuwa na kipande cha kitambaa chekundu kimefungwa mafundo mawili.

"Unapigapiga usiku," akasema. "Nikaufunga kwa kitambaa ili alale." Akagusa kitambaa cha rangi kwenye karatasi kwa ncha ya kidole. "Na yeye akaufunga wake."

Akaketi kwenye kiti cha cherehani. Alilia kwa muda mrefu, bila kujificha uso, na mimi nilisimama pale pale kwa sababu sikuona nina haki ya kumshika. Alipotulia akasema, "Akipanda ngazi alikuwa anapumzika katikati. Nikamwambia mvivu." Nikataka kusema hata mimi, nikaona si mahali pake.

Akafungua droo ya cherehani, akatafuta, akatoa kalamu nyekundu. Akaisukuma juu ya meza mpaka ukingoni kwangu.

"Sahihisha, Mwalimu."

Nimesahihisha maelfu ya madaftari maishani mwangu. Mkono huu unaweka alama ya vema hata nikiwa nasinzia. Siku ile niliiweka kama mtoto anayejifunza, mstari umetetemeka, kando ya mlango. Nikafuta maneno *Si kweli* kwa mstari mmoja. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama, kama mwangalizi wa mtihani.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Kuna binti anakuja hapa kila siku baada ya shule. Anasimama pale nje. Nikimkaribisha haingii, nikimuuliza hasemi." Akaanza kukunja utepe wake wa kupimia. "Nilidhani hajui kuongea. Kumbe ni wewe."

Kesho yake niliingia darasani bila kiolezo na bila gundi. Ukuta wa nyuma ulikuwa na pengo la mtoto mmoja. Nilichora moyo ubaoni, mkubwa, nikagawa vyumba, na kwa chaki ya buluu nikachora milango minne. Nikawaambia hii ndiyo milango ya moyo, kila mtu anayo, hufunguka damu ipite na kufunga isirudi. Nikawaambia nilifundisha makosa. Sisimizi alikuwa amepata, mimi ndiye niliyekosa, na Kengele alisema kweli nikamwadhibu. Nilisema kwa maneno hayo hayo. Watoto walinitazama kwa adabu. Hawajazoea mwalimu kukosa na hawakujua kama wanaruhusiwa kupumua.

"Kengele," nikasema, "nisamehe."

Alichana karatasi ya katikati ya daftari lake, jambo ambalo siku nyingine lingenipandisha hasira, akaikunja bomba. Akaja mbele taratibu. Nilipiga magoti ili anifikie. Akaweka ncha moja kifuani kwangu na nyingine sikioni, akafumba macho, na darasa lote likanyamaza, hata karatasi za ukutani. Alisikiliza muda mrefu sana.

Halafu akaondoa sikio, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu msiba.

"Wako unafunga, Mwalimu," akasema, akarudi kuketi kwenye dawati la watu wawili.